Mshipa umeshonwa, mbona kidole hakikunji?

Nilikatwa na panga kiganjani, nikashonwa mshipa. Sasa naambiwa niende tiba kwa vitendo, yaani mazoezi ya kuurudisha mkono kwenye kazi zake za kila siku. Si ningoje kidonda kipone kwanza?

Usingoje. Ulichoshonwa ni kano, ile kamba inayokivuta kidole kikunjike. Kano huteleza ndani ya mfereji mwembamba, kama kisu kwenye ala yake. Ikipona bila kusogea, kovu huigandisha humo, na kidole kinabaki kimekakamaa hata kama mshono ulikuwa safi kabisa. Ukiivuta kwa nguvu mapema, nayo hukatika upya. Mtaalamu wa tiba kwa vitendo anafanya kazi hapo katikati: kidole kisogee kila siku, ila kwa kipimo. Mara nyingi mazoezi huanza siku chache tu baada ya upasuaji, nyuzi zikiwa bado zipo.

Na hili gango la plastiki, la kuushikilia mkono usisogee ovyo? Mbona limeuinamisha mkono?

Kifundo cha mkono na vidole vikiinama, kano hulegea na mshono haukazwi. Plastiki yenyewe hulainishwa kwa maji ya moto ikafinyangwa juu ya mkono wako, kwa hiyo la jirani halikufai. Huvaliwa usiku na mchana, kwa kawaida takriban wiki 6. Tatizo ni kwamba maumivu huisha mapema zaidi: wiki ya pili mtu anajiona mzima, analivua, anabeba ndoo. Wakati huo mshono bado dhaifu mno. Kazi nzito husubiri kama wiki 12 (na ndugu zangu wa bodaboda, kubana breki ni kazi nzito).

Tiba kwa vitendo ina tofauti gani na fiziotherapia?

Zinaingiliana sana. Ila kwenye tiba kwa vitendo utaulizwa mapema: mkono huu unautaka kwa kazi gani? Mpika chapati ataanza na udongo laini kabla ya unga. Fundi cherehani ataokota vifungo. Nguvu zisiporudi zote, mpini wa kisu hunenepeshwa kwa mpira, au ubao wa kukatia hupigiliwa misumari miwili ya kushikilia kiazi.

Ncha za vidole zimekufa ganzi. Ni kawaida?

Huenda neva, yaani mshipa wa fahamu, nayo ilikatika. Ikishonwa, hukua kama milimita 1 kwa siku, hivyo kutoka kifundoni hadi nchani hesabu miezi. Kwa sasa macho yafanye kazi ya ngozi: usipime joto la maji wala kuipua sufuria kwa mkono huo. Wengi hushtukia lengelenge tu.

Niliumia kazini. Nani analipa?

Kwa mwajiriwa wa Tanzania Bara, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) una fao la utengamao, yaani huduma za kumrudishia uwezo aliyeumia. Mwajiri atoe taarifa ya ajali mapema.

Nirudi hospitali haraka lini?

Kidole kilichokuwa kikikunja kikiacha ghafla, au mkono ukivimba, kuwa mwekundu na kutoa usaha. Nenda siku hiyo hiyo, gango likiwa mkononi.