Picha ya MRI haipimi usonji

Kwa mara nyingine tena mtu mzima ameketi mbele yangu na bahasha ya picha za MRI, yaani picha za ubongo zilizopigwa kwa mashine ya sumaku, akitaka nimwonyeshe usonji uko wapi. Huyu ni mwalimu wa miaka 34 ambaye alishaambiwa kwamba kwa kuwa ubongo wake unaonekana mzima, basi hana usonji, na yote aliyohangaika nayo tangu utotoni ni ukaidi tu.

Dhana hii inanichosha kuliko zote, kwa sababu inawagharimu watu fedha na miaka. Hakuna picha ya ubongo inayoweza kuthibitisha wala kukanusha usonji kwa mtu mmoja mmoja. Mwaka 2010 watafiti wa King's College London walilinganisha watu wazima 20 wenye usonji na 20 wasio nao kwa kupima gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, na kompyuta ikawatambua wenye usonji kwa kiwango cha hadi asilimia 90. Habari hiyo ilienea mno. Jambo lililosahauliwa ni kwamba miongoni mwa wasio na usonji, mmoja katika kila watano alihesabiwa kuwa nao. Sasa tukipime kipimo hicho kwa watu 10,000, na tuseme 100 kati yao wana usonji: kitawapata 90, lakini kitawataja pia 1,980 wasiohusika, hivi kwamba katika kila watu 100 watakaoambiwa wana usonji, takriban 96 watakuwa wameambiwa lisilo kweli. Tena, mradi wa ABIDE ulipokusanya picha za watoto na watu wazima zaidi ya 1,000 kutoka vituo vingi, uchambuzi wa maumbile ya ubongo uliochapishwa mwaka 2016 haukufikisha hata asilimia 60 ya usahihi. Tofauti za wastani kati ya makundi mawili zipo, ila makundi hayo yanaingiliana mno.

Wengine huamini kwamba madoa mekundu kwenye picha za tafiti ni sehemu zilizoharibika. Rangi hizo hupakwa na kompyuta juu ya matokeo ya hesabu za takwimu, na kutikisa kichwa kidogo tu, hata chini ya milimita moja, kunaweza kuzua tofauti isiyokuwapo.

Si kweli pia kwamba tafiti hizi zinawawakilisha wote. Walioingizwa kwenye mashine wengi wao ni wanaume wanaozungumza na wanaoweza kulala kimya humo, huku wanawake na wasiozungumza wakiachwa nyuma.

MRI ina mahali pake, kwa mfano mtu anapopata degedege au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Kwa usonji, fedha hizo zipelekwe kwa daktari wa akili au mwanasaikolojia anayewajua watu wazima, nawe uje na mtu aliyekulea pamoja na ripoti zako za shule ya msingi. Ushauri huu nautoa kila siku na sitauacha.

Mwalimu yule alirudi na shangazi yake na ripoti ya darasa la tatu, iliyoandikwa kwa wino uliofifia: "Ana akili, lakini hachezi na wenzake, na hulia kengele inapogongwa." Tukaanzia hapo.