Itifaki si kufungwa njia

Juzi daladala letu la Uwanja wa Ndege lilizuiliwa Mazizini, tukakaa ndani mpaka migongo ikalowa. Bibi mmoja akauliza kuna nini. Konda akamjibu, "Itifaki hiyo, bibi, kuna mkubwa anapita." Nimelisikia neno hili likitumiwa hivyo mara nyingi mno. Harusini nako, mshereheshaji asiyetaka kuwataja wazee mmoja mmoja husema "itifaki imezingatiwa", kisha akaendelea na ratiba yake.

Itifaki ni utaratibu ambao mwenyeji na mgeni wamekubaliana kabla ya kukutana: nani ampokee nani, nani atangulie, bendera zipangwe vipi, mizinga ipigwe mingapi. Maana yake ndiyo hiyo.

Ninalolikazania ni hilo "wamekubaliana", kwani limo ndani ya neno lenyewe. Itifaki imetokana na Kiarabu ittifaq, yaani makubaliano, na mzizi wake ni w-f-q, uliotupa pia kuafiki, kuafikiana na muafaka. Hapa Zanzibar muafaka hauhitaji mkalimani. Waliokuwa watu wazima mwaka 1999 na 2001 wanakumbuka vyama vya siasa vya CCM na CUF vilivyotia saini Muafaka wa kwanza na wa pili kumaliza mvutano wao, na wanajua kuwa muafaka hauwi wa mtu mmoja. Itifaki ni ndugu yake wa damu. (Unafiki, ingawa masikioni unakaribia, una mzizi mwengine, n-f-q, si wa ukoo huu.) Ndiyo maana hati ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika Julai 2010 ikaitwa Itifaki ya Soko la Pamoja: ni mapatano ya nchi na nchi.

Wazungu walipita njia nyengine kabisa. Neno lao, protokali, asili yake ni Kigiriki, na lilikuwa jina la karatasi ya mwanzo iliyogandishwa kwa gundi kwenye msokoto wa mafunjo. Na Waarabu wa leo, wakizungumzia mapokezi ya wageni wa kidola, husema marasim au brutukul. Ittifaq wameliacha kwenye mikataba. Kwa hivyo kulichukua neno la makubaliano na kulipa kazi ya kumpokea mgeni ni uamuzi wa Kiswahili chenyewe, na kwangu mimi ni uamuzi wenye hekima kubwa. Mwaka 1661, mjini London, watu wa balozi wa Uhispania na wa balozi wa Ufaransa walipigana njiani, wakauana, kwa kugombea gari la nani litangulie. Hawakuwa wameafikiana. Leo Mkataba wa Vienna wa 1961, unaohusu uhusiano wa kidiplomasia, umemaliza ugomvi huo: katika mabalozi wa daraja moja, aliyetangulia kuanza kazi ndiye anayetangulia.

Sasa mchukue Rais wa nchi ya nje anayekuja Unguja. Kabla yake hufika ujumbe wa watangulizi, ukakaa na wenyeji. Na wenyeji wenyewe ni wawili, kwa sababu mambo ya nje ni ya Muungano lakini anayepokelewa anakanyaga ardhi ya Serikali ya Mapinduzi. Zanzibar ina bendera yake tangu 2005, kwa hivyo za kupangwa ni tatu: ya mgeni, ya Taifa na ya Zanzibar. Anafika Ijumaa? Basi ratiba isigongane na sala. Anataka kuuona Mji Mkongwe? Vichochoro vyake havipitishi gari, itabidi atembee kwa miguu, na lazima ijulikane anaanzia wapi na anatokea wapi. Ngoma ikiwa ni msewe kutoka Pemba, atasimama kuitazama kwa dakika ngapi? Kila jambo huulizwa, upande mmoja hupendekeza, mwengine huridhia au hukataa. Huko kuulizana na kuridhiana ndiko itifaki.

Kufungwa njia ni kazi ya usalama. Askari wa usalama barabarani hakubaliani na daladala; analisimamisha tu, na ana haki ya kufanya hivyo. Mambo haya mawili hupangwa pamoja na hutokea siku moja, ndiyo sababu watu huyachanganya. Lakini mgeni anaweza kupita njia ikiwa wazi na itifaki ikawa imetimia. Na njia inaweza kufungwa tangu asubuhi, kumbe mgeni amepokelewa na asiyestahiki kumpokea. Hapo itifaki imevunjwa.

Kwa hivyo, kijana wetu wa daladala, ukiulizwa tena mwambie bibi, "Njia imefungwa kwa usalama wa mgeni." Nawe mshereheshaji, ikiwa hukukaa na wenye harusi mkapanga wazee watajwe kwa utaratibu gani, hakuna itifaki uliyoizingatia. Sema, "Wazee wangu, niwieni radhi kwa kutokutajeni mmoja mmoja." Watakuridhia.