Kabla ya SELECT, jua mstari mmoja ni nini

Msimu wa kahawa ulikuwa umepamba moto hapa Bukavu nilipomkabidhi mzee wa mizani orodha ya kilo za kila mkulima. Yeye ndiye hupima matunda yanayoshushwa kutoka kwenye mitumbwi ya kisiwa cha Idjwi. Akateremsha kidole hadi kwa mkulima namba 17, kikasimama hapo.

"Mama, huyu aliniletea mara mbili tu. Kilo 225 nilizipima lini?"

Daftari lake lilisema 40 na 35, yaani 75. Nikafungua kanzidata, yaani hifadhi ya data kwenye kompyuta: namba zilikuwa zile zile, 40 na 35. Kosa lilikuwa kwenye swali langu, yaani maagizo niliyoiandikia kanzidata kwa lugha ya SQL.

Kanzidata yenyewe ni ndogo, ina majedwali matatu. Katika `wakulima`, mstari mmoja ni mtu mmoja. Katika `mapokezi`, mstari mmoja ni mzigo mmoja uliopita kwenye mizani. Katika `malipo`, mstari mmoja ni fedha zilizotolewa mara moja, maana ushirika hulipa kidogo kidogo. Namba ya mkulima ndiyo inayoyaunganisha. Mimi nikaandika hivi (SELECT hutaja safu za kuonyesha, SUM hujumlisha, JOIN huunganisha majedwali):

```
SELECT w.namba, SUM(p.kilo), SUM(l.faranga)
FROM wakulima w
JOIN mapokezi p ON p.mkulima = w.namba
JOIN malipo l ON l.mkulima = w.namba
GROUP BY w.namba;
```

Ukilisoma haraka, swali hili halina shida. Lakini mashine haianzi na SELECT, ingawa sisi tunaiandika juu kabisa. Kimantiki huanza na FROM na JOIN, ikachuja kwa WHERE, ikakusanya kwa GROUP BY, ikachuja makundi kwa HAVING, ndipo ifike SELECT, na mwisho ipange mistari kwa ORDER BY. Kwa hiyo kabla ya jumla yoyote, JOIN ilikwisha kuoanisha kila mzigo wa namba 17 na kila malipo yake. Mizigo miwili, malipo matatu: mistari sita. Kila kilo imehesabiwa mara tatu, na kila faranga mara mbili. Alikuwa amelipwa 20,000, kisha 15,000, kisha 10,000, jumla 45,000. Orodha yangu ilisema 90,000. Hebu fikiria mtu anaambiwa amekwisha kupokea fedha ambazo hajawahi kuzishika.

Na hakuna onyo lolote lililotokea. Lugha hii ndivyo ilivyoundwa. Edgar Codd wa IBM alipochapisha wazo la kanzidata za aina hii mwaka 1970, alitaka mtu aseme anachohitaji bila kujali data imehifadhiwa vipi ndani. Wenzake Chamberlin na Boyce wakaijenga lugha juu ya wazo hilo mwaka 1974, wakaiita SEQUEL. Jina la SQL lilikuja baadaye. Ni zawadi kubwa, nami naishukuru kila siku. Ila mashine inayotimiza ulichosema itakitimiza hata kama sicho ulichokusudia.

Wengi wakikutana na tatizo hili hukimbilia `SUM(DISTINCT p.kilo)`, inayojumlisha kila namba mara moja tu hata ikijirudia. Tafadhali usifanye hivyo. Kwa namba 17 utapata 75 na utadhani umepona. Mkulima namba 22 alileta kilo 30 Jumatatu, na kilo 30 nyingine Alhamisi. DISTINCT huona 30 moja tu, na jasho la siku nzima linafutika.

Dawa ni kujumlisha kila jedwali peke yake kwanza, mpaka mstari mmoja uwe mkulima mmoja, ndipo uunganishe:

```
SELECT w.namba, p.kilo, l.faranga
FROM wakulima w
LEFT JOIN (SELECT mkulima, SUM(kilo) AS kilo
           FROM mapokezi GROUP BY mkulima) p
  ON p.mkulima = w.namba
LEFT JOIN (SELECT mkulima, SUM(faranga) AS faranga
           FROM malipo GROUP BY mkulima) l
  ON l.mkulima = w.namba;
```

Hapa namba 17 anatoka na 75 na 45,000. Namba 22 ana 60 zake.

LEFT JOIN nimeiweka kwa makusudi. JOIN ya kawaida hubakiza tu wenye mstari pande zote, hivyo aliyeleta kahawa na hajalipwa hata mara moja angetoweka kwenye orodha, na huyo ndiye anayetudai maelezo kuliko wote: tuna deni lake. LEFT JOIN humbakiza, na mahali pa malipo huweka NULL.

NULL si sifuri. Maana yake ni kwamba hapo hakuna thamani inayojulikana. Ukitoa NULL kutoka kwenye namba yoyote, jibu ni NULL. Ukiandika `WHERE l.faranga = NULL` hutapata mstari hata mmoja, kwa kuwa ulinganisho huo haupati kuwa kweli; andika `l.faranga IS NULL`. Kwa hesabu ya deni nilibadilisha safu ya mwisho ikawa `COALESCE(l.faranga, 0)`, inayoweka 0 palipo na NULL, kwa sababu kwetu asiye na mstari kwenye malipo kweli amelipwa sifuri.

Asubuhi yake nilimrudishia mzee orodha mpya. Tuliipitia mkulima kwa mkulima, yeye akisoma daftari, mimi nikisoma skrini, mpaka mitumbwi ya kwanza ikafika.