Je, wajua kwa nini pesa ya simu ikishatumwa ni taabu kuirudisha, lakini ya kadi huweza kurudi?

Tuseme umeona abaya Insta, picha nzuri, bei elfu arubaini, duka wanasema liko Kariakoo na wewe uko zako Jang'ombe, Unguja, muuzaji anakwambia tuma kwenye namba hii mzigo upande boti ya jioni. Ukatuma. Boti imefika bandari ya Malindi imeshusha watu na maboksi yao, abaya haimo, namba haipatikani, unapiga huduma kwa wateja unaambiwa pole, pesa imeshatolewa. Halafu kuna jamaa yako yuko Uingereza, kanunua viatu mtandaoni kwa kadi havikufika, kaipigia benki yake na baada ya wiki kadhaa karudishiwa. Kwani yeye pesa yake ina nini?

Tofauti iko njiani. Ukituma kwa M-Pesa, Airtel Money, Mixx au nyengine yoyote, pesa inatoka kwako inaingia kwake ndani ya sekunde chache na inakuwa yake moja kwa moja. Kampuni ya simu haijui kama ulikuwa unanunua abaya, unalipa deni ama unamtumia bibi pesa ya mboga, inachokiona ni kwamba uliandika namba mwenyewe, jina likatokea, ukaweka namba ya siri. Ukilalamika wanaweza kuzuia kile kilichobaki kwenye akaunti ya yule mtu, basi, na tapeli anajua hivo ndo maana haiachi ilale, meseji ikiingia tu yuko kwa wakala au kashaihamishia laini nyengine.

Kwenye kadi mambo yanazunguka zaidi. Kuna benki yako, kuna benki ya muuzaji, na katikati yao Visa au Mastercard wenye masharti ambayo benki zote mbili zimekubali. Sharti moja ni kwamba mnunuzi akisema sikuletewa, benki yake inaweza kuidai pesa irudi kutoka benki ya muuzaji, na muuzaji ndo anatakiwa alete ushahidi kwamba kweli alipeleka. Muda wa kudai kwa kawaida unafika kama siku 120. Wenzetu wengine wameongeza na sheria juu yake, Uingereza wanayo tangu 1974 kwa manunuzi ya kadi ya mkopo yanayozidi pauni 100. Kwa hiyo kadi haizuii wizi, ila inamuacha muuzaji na mtu wa kumuuliza maswali.

Wachina nao waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 2003 Taobao, soko lao la mtandaoni, ilipoanza, watu waliogopa kumlipa muuzaji wasiyemjua yuko mji mwengine huko, ikaja Alipay: unalipa, pesa inakaa kwao, muuzaji anatuma mzigo, ukishaupokea ukathibitisha ndo analipwa. AliExpress mpaka leo inakwenda hivo hivo. Ndo maana ukinunua huko usibonyeze kwamba umepokea kabla hujafungua boksi, na muuzaji akikwambia tutoke humu tumalizane WhatsApp nikupunguzie bei, anachokutaka ni uitoe pesa yako pale inapolindwa.

Na sisi visiwani mfumo huo tunao zamani, hauna programu tu. Ni yule binamu yako wa Dar, anakwenda dukani anaishika nguo, anaikagua mishono, analipa, anaipakiza kwenye boti na kukupigia kwamba imepanda. Mie naona hii bado ndo njia bora kuliko zote kwa mtu wa Unguja, na kwa wa Pemba zaidi, maana mzigo wake mara nyingi unapitia Unguja kwanza na siku zote hizo tapeli anakuhesabia visingizio, bahari chafu, boti imejaa, mara mzigo umekwama bandarini tuma elfu kumi ya kuutoa. Hiyo pesa ya pili ndo inaumiza watu. Mtu keshatoa arubaini anaona kumi si kitu kuliko kupoteza zote, na ikishaingia kumi inakuja nyengine.

Asiye na mtu Dar aombe kulipa mzigo ukifika. Wauzaji wengi hawapendi, na hapa nawaelewa, wateja wengine wanaagiza halafu wanazima simu (Jumia, duka la mtandaoni, walikuwa na utaratibu huo wa kulipa ukiletewa, na Tanzania wakafunga Novemba 2019). Basi malizaneni kwa nusu, nusu sasa, nusu mzigo ukionekana.

Sasa hili jina linalotokea kabla hujathibitisha, watu wanaliamini sana. Ni kweli tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole, kila laini ina mwenyewe, zoezi lile mwisho wake ulikuwa Januari 2020. Lakini mwenyewe anaweza kuwa mzee wa watu alowekeshwa kidole mara mbili na msajili wa barabarani, laini ya pili ikaenda kwengine na yeye hana habari (piga *106# uangalie zilosajiliwa kwa kitambulisho chako, usije ukawa ndo wewe). Duka linajiita la bibie fulani na jina linatokea la mwanamme, uliza kwanza. Lipa namba ni afadhali kidogo, jina linalotokea ni la biashara, haikupi haki ya kurudishiwa ila angalau kuna pa kuanzia kumtafuta.

Na kama imeshakwenda? Usianze kugombana naye WhatsApp, kila dakika unayomtukana ndo dakika anayotolea pesa. Piga kampuni yako ya simu kwanza wajaribu kuizuia, halafu iripoti namba yake kwa meseji kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na mazungumzo usiyafute, polisi watayataka.