"Lakini Marekani wanafanya hivi": dhana potofu kuhusu matangazo ya mtandaoni

Wiki haipiti bila mteja kunisogezea simu nitazame video ya Mmarekani anayefundisha matangazo. Wa juzi anauza mafuta ya alizeti soko la Sabasaba, hapa Dodoma. Anataka tovuti yenye fomu ya kadi ya benki, eti ndivyo soko la mtandaoni linavyokwenda duniani, sisi tumechelewa tu.

Dhana: Njia ni moja, wenzetu wametangulia.

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote. Hao wenzetu wenyewe hawakupita njia moja. Uingereza, fedha za matangazo ya intaneti zilizipita za televisheni katika nusu ya kwanza ya 2009. Marekani ikawa 2016. Japani, nchi tajiri yenye intaneti ya kasi, ni 2019. Wajapani hawakulala, televisheni yao ilikuwa na nguvu na wakala wakubwa wa matangazo kama Dentsu walikuwa wameshika soko. Uingereza, BBC inatazamwa na wengi lakini haiuzi matangazo, kwa hiyo nafasi za kununua kwenye televisheni zilikuwa chache tangu mwanzo. China imeifungia Facebook tangu 2009, na matangazo yakakulia kwa kampuni za hukohuko, Baidu, Alibaba na Tencent.

Marekani nayo ina yake. Watu walizoea kuagiza bidhaa kwa katalogi, kulipa kwa kadi na kuletewa mlangoni miongo mingi kabla Google haijaanzisha AdWords, huduma yake ya matangazo, mwaka 2000. Tangazo lilikuta mambo yote yameshaandaliwa.

Sasa njoo Dodoma. Mnunuzi anaona tangazo Instagram, anahamia WhatsApp, anauliza dumu la lita ishirini bei gani, anaomba picha ya dumu lenyewe, kisha anapiga simu ahakikishe kuwa upo kweli. Anatuma nusu kwa M-Pesa, nyingine mzigo ukifika, na dumu linapanda basi la asubuhi. Fomu ya kadi iingie wapi hapo? Na mtambo wa Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, unaona kliki na meseji ya kwanza tu. Dumu likiuzwa, haujui. Ukiuachia ujifunze wenyewe nani wa kumwonyesha tangazo, utakuletea hodari wa kuuliza bei, si wanunuzi. Ndiyo maana kila mteja wangu namlazimisha awe na daftari la mauzo lenye safu ya "umetuona wapi?". Wananung'unika, lakini linanisaidia kuliko ripoti zote zenye rangi.

Dhana: Kliki za Tanzania ni za bei rahisi, kwa hiyo ni faida.

Nafasi nyingi za matangazo ya mtandaoni zinauzwa kwa mnada papo hapo. Bei iko chini kwa sababu wanaoigombania ni wachache, na kwa sababu hiyohiyo mwenye chaneli ya YouTube hulipwa kidogo kwa watazamaji wa Tanzania kuliko wa Marekani. Bei hiyo haikuambii kama aliyebofya ana hela ya dumu.

Dhana: Google ndiyo inayotawala utafutaji mtandaoni kila nchi.

Kaulize Korea Kusini habari za Naver, au Urusi habari za Yandex, mitandao yao wenyewe ya kutafutia. Tuendelee.

Dhana: Redio imekwisha.

Kwa nani? Ukiuza mbegu Kongwa kabla ya mvua za Desemba, hela ya tangazo ianzie redioni.

Dhana: Walenge watu walio karibu na biashara yako.

Ushauri huu unamfaa kinyozi. Wewe mwenye gesti Area C unayebusti posti, yaani unalipia isambazwe, kwa watu wa Dodoma, unamtafuta nani? Wakazi wa Dodoma wana vitanda vyao. Lenga Dar es Salaam na mikoa mingine, wiki mbili kabla ya Bunge la bajeti kuanza Aprili, na bei ya chumba iandike kwenye picha yenyewe. Hayo mambo ya "bei njoo inboksi" yanawakimbiza watu.