Dawa za kansa zenye metali: malakiti haimo

Mtu wa Lubumbashi, mji wa migodi huko Kongo, akisikia kuna dawa za kansa zinazotengenezwa kwa metali, mawazo humpeleka moja kwa moja kwenye shaba na kobalti. Tuseme mapema: unga wa malakiti, lile jiwe la kijani, hautibu kansa. Ukiumeza, asidi ya tumbo huyeyusha shaba iliyomo, nayo huleta kutapika na kuumiza ini.

Kinachotibu ni namna metali ilivyofungwa na atomu nyingine. Katika sisplatini, dawa ya kansa yenye platini, atomu moja ya platini imeshika klorini mbili zilizo jirani na amonia mbili. Zipange klorini zilezile zitazamane, upate transplatini: atomu sawa, hesabu sawa, na kansa haishtuki.

Sisplatini iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1965 huko Marekani, Barnett Rosenberg alikuwa akipitisha umeme kwenye bakteria kwa vijiti vya platini. Bakteria wakaacha kugawanyika, wakarefuka kama nyuzi. Si umeme uliowazuia, ni platini iliyokuwa ikiyeyuka kidogokidogo. Mwaka 1978 sisplatini ikaruhusiwa kwa wagonjwa.

Damu ina kloridi nyingi, yaani klorini ya chumvi, kwa hiyo humo klorini za dawa hubaki mahali pake. Ndani ya seli kloridi ni chache. Klorini huachia, maji huchukua nafasi, na platini hung'ang'ania DNA, maagizo ya urithi ya seli, mara nyingi kwenye guanini (moja ya viungo vinavyojenga DNA) mbili zinazofuatana. DNA hupinda, seli inashindwa kujinakili, inakufa.

Kemia hiyohiyo ndiyo inayoamua serumu, yaani maji ya dripu. Sisplatini huchanganywa na serumu ya chumvi ya 0.9%, kwenye serumu ya sukari tupu huharibika. Ndugu yake oksaliplatini, ya kansa ya utumbo mpana, ni kinyume: sukari ya 5%, chumvi isiiguse. Kosa hili ni rahisi kufanyika pale chupa zinapofanana. Sindano au kifaa chenye alumini kikigusa sisplatini, chembe nyeusi hujitenga na nguvu ya dawa hupotea. Friji nayo haifai, huleta fuwele.

Kwa kansa ya mlango wa kizazi inayotibiwa pamoja na mionzi, kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila mita mraba ya eneo la uso wa mwili, mara moja kwa wiki. Mwenye mita mraba 1.6 hupata miligramu 64. Kabla ya hapo kreatinini, taka ya damu inayoonyesha hali ya figo, hupimwa, na lita moja hadi mbili za serumu ya chumvi hupitishwa, mara nyingi pamoja na magnesiamu, kwa sababu figo nazo hukusanya platini.

Misombo ya shaba, kobalti na ruteni (metali nyingine) bado inafanyiwa utafiti; haiuzwi kama dawa ya kansa, hata kama muuzaji ana karatasi yenye mhuri.

Aliye kwenye sisplatini asichomwe jentamisini, dawa ya kuua bakteria, mtaani kwa homa yoyote ile: zote mbili huumiza figo na masikio. Homa kwa mgonjwa huyu ni ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Masikio yakianza kulia, au mkojo ukipungua, amwambie daktari kabla serumu inayofuata haijatundikwa.