Mwaka wa kwanza chuoni na suruali inayobana: maswali na majibu

Maswali haya hujirudia kila wanafunzi wapya wanapoanza chuo, na mengi huulizwa kwa sauti ya chini kwa sababu muulizaji anaona haya. Hakuna cha kuonea haya.

Ni kweli kila anayeingia chuo lazima anenepe?

Si lazima. Wamarekani wana usemi wa siku nyingi kwamba mwaka wa kwanza humwongezea mwanafunzi ratili 15, yaani karibu kilo 7. Watafiti walipowapandisha wanafunzi kwenye mizani, wastani ulikuwa mdogo zaidi, kati ya kilo 1 na 3. Wengine hawakuongezeka hata kidogo, na wapo waliopungua. Tena ongezeko lote si mafuta: kwenye miaka 18 hadi 20 miili ya vijana wengi, hasa wavulana, bado inajenga misuli na mifupa.

Cha kuangalia ni mahali uzito ulipokwenda kukaa. Chukua tepu ya fundi cherehani, izungushe kiunoni katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, toa pumzi kwa kawaida, kisha soma namba. Ukivuta tumbo ndani unajidanganya mwenyewe. Kiuno kinatakiwa kiwe chini ya nusu ya urefu wako, kwa hiyo mwenye sentimita 168 asifike 84.

Mbona sili kama nilivyokuwa nakula nyumbani, na bado naongezeka?

Kuhusu milo huenda unasema kweli. Uzito huingilia katikati ya mlo na mlo. Nyumbani kulikuwa na mtu wa kupika na kupakua, saa ya kula ilijulikana, na usiku jikoni palifungwa. Ukihamia chuoni mipaka hiyo yote huondoka siku moja. Kalori 150 za ziada kwa siku hazionekani kwenye sahani wala hazisikiki tumboni, lakini zikijirudia muhula mzima zinatosha kukuongezea kilo moja au mbili.

Anza kuchunguza chupa. Geuza soda ya mililita 500 usome lebo. Ikiandika gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100, zidisha kwa 5: ni gramu 53. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4 hivi, kwa hiyo mkononi una vijiko 13. Kila gramu ya sukari ina kalori 4, jumla kalori 212. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayehitaji kalori 2,000 hizo ni gramu 50. Chupa moja imeshavuka mpaka, na hata kifungua kinywa hujala. Jihadhari na mtego mmoja: baadhi ya lebo huandika hesabu ya kipimo kimoja huku chupa ikiwa na vipimo viwili au zaidi.

Juisi ya matunda haina nafuu kubwa. Machungwa matatu yakikamuliwa hunywewa kwa dakika moja. Jaribu kuyatafuna yote matatu uone. Kinywaji hupita bila kulipa tumbo taarifa ya shibe, ndiyo maana ukinywa kalori 200 bado utakula mlo wako kama kawaida. Ukibadilisha kitu kimoja tu mwaka huu, badilisha kinywaji.

Cha pili ni mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori karibu 120, na chakula cha kukaanga huyanyonya kimya kimya.

Kantini yetu unajipakulia mwenyewe. Nifanyeje?

Zunguka kwanza bila sahani, uone kilichopo mpaka mwisho wa meza. Anayeanza kupakua kwenye sinia la kwanza hujaza wanga, kwa kuwa mara nyingi ndio uliopangwa mbele, halafu mboga hukosa nafasi. Kisha chukua sahani na uanze na mboga na matunda mpaka nusu yake. Robo iwe ya protini: maharage, dengu, samaki, kuku au mayai. Robo iliyobaki iwe ya wanga, kama wali, viazi au mkate. Mchuzi wenye mafuta yanayoelea, chota kutoka chini.

Kaa mbali na meza ya chakula, na ukitaka kuongeza, subiri dakika 20. Taarifa ya shibe huchelewa kufika kichwani. Anayerudi baada ya dakika tano anarudi kwa mazoea.

Kosa la kawaida la wenye bidii ni kupunguza kila kitu kwa pamoja. Mtu anakula majani na kipande cha tango mchana, anajisifu, na ikifika saa nne usiku anamaliza pakiti nzima ya biskuti. Kata wanga kidogo, lakini protini usiiguse. Ndiyo inayokuvusha mpaka mlo unaofuata.

Kuruka kifungua kinywa kunanenepesha?

Chenyewe hakina uchawi. Wapo wanaokiruka na uzito wao hautikisiki. Kinachoharibu ni keki na kinywaji kitamu unachonunua saa nne asubuhi kati ya vipindi. Ikiwa wewe ni wa namna hiyo, kula mayai mawili na tunda kabla hujatoka.

Chumbani nina jiko dogo tu, na karibu kila siku napika tambi za pakiti. Kuna ubaya?

Mara moja moja hapana. Kila siku, ndiyo. Tambi nyingi za aina hii hukaangwa kiwandani ili zikauke, kwa hiyo pakiti ya gramu 85 hivi hukaribia kalori 400, huku protini na nyuzinyuzi zikiwa kidogo. Baada ya saa mbili njaa imerudi. Halafu kuna kile kikaratasi cha viungo: ukikimimina chote, unaweza kuwa umekula karibu chumvi yote ya siku, ambayo kwa mtu mzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai.

Pika hivi. Chemsha tambi kwa maji mengi mpaka ziachane, kisha mwaga maji hayo. Weka maji mapya kikombe kimoja, yakitokota tia mboga za majani zilizokatwa kiasi cha viganja viwili, na baada ya dakika moja pasulia yai huku ukikoroga. Acha yai liive kabisa. Rudisha tambi, tia nusu ya viungo, na nusu nyingine tupa, ukiiweka utaitumia. Yai limekupa protini gramu 6 kwa kalori 70 tu, na bakuli limejaa bila kuongeza pakiti ya pili.

Kwa kuwa tupo jikoni: wali uliobaki usiuache juu ya meza mpaka asubuhi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemshwa, na wali ukikaa kwenye joto la chumba huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Uweke kwenye friji ndani ya saa mbili, au upike wa kutosha mlo mmoja.

Nikikesha kusoma nasikia njaa kali. Ni njaa ya kweli?

Kwa sehemu. Usingizi ukipungua, homoni ya kuamsha njaa, ghrelini, huelekea kupanda, na ile ya shibe, leptini, kushuka. Mwili uliochoka pia hutamani vitamu na vya mafuta kuliko matunda. Anayelala kwa muda wa saa tano tu badala ya saba hadi tisa anapambana na hamu yake akiwa ameshashindwa nusu.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu huzidisha mzunguko huo. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua kwa nusu: ukinywa kikombe saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu yake bado inazunguka kwenye damu. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu kwa kawaida lina miligramu 80 za kafeini, na sukari inayokaribia gramu 27. Weka kikomo chako saa nane mchana.

Ikiwa lazima ukeshe, andaa cha kula mapema kabla njaa haijakuamulia: karanga kiganja kimoja, mtindi usio na sukari, au tunda. Mimina kwenye kikombe, kisha pakiti irudi kabatini. Anayekula moja kwa moja kwenye pakiti husimama inapoisha.

Na pombe?

Gramu moja ya pombe ina kalori 7, karibu mara mbili ya sukari. Bia ya mililita 330 ina kalori 140 hivi. Nne zinalingana na mlo kamili, bila kuhesabu kinachonunuliwa njiani wakati wa kurudi. Usifunge kula ili "kufidia". Tumbo tupu huifyonza pombe haraka, na hapo hatari si unene tena.

Sina muda wa mazoezi. Nianzie wapi?

Kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili. Dakika 150 ni kama 22 kwa siku. Tembea haraka kiasi cha kuweza kuongea lakini usiweze kuimba. Kwa misuli chumba kinatosha: kuchuchumaa na kuinuka mara 12, pushapu 8, kisha kujinyoosha kama ubao kwa viwiko na vidole vya miguu sekunde 30. Rudia raundi tatu.

Ila usitegemee mazoezi yafute chupa. Mwenye kilo 65 akitembea haraka nusu saa huchoma kalori zisizofika 150. Ile soda ilikuwa na 212.

Nijipime kila siku?

Mara moja kwa wiki inatosha: asubuhi, baada ya kwenda chooni, kabla ya kula, kwenye mizani ile ile. Maji, chumvi na siku za hedhi huweza kusogeza namba kilo moja au mbili bila gramu moja ya mafuta kuongezeka. Linganisha wiki nne. Kilo mbili zikibaki bila kushuka, rudi kuchunguza vinywaji vyako na ulaji wa usiku.

Vipi chai na vidonge vya kupunguza uzito?

Achana navyo. Vingi vya hivyo ni dawa za kuharisha. Dawa hizo hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori nyingi zimeshafyonzwa kwenye utumbo mdogo. Unachopoteza ni maji na madini, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa.

Ukijikuta unajitapisha baada ya kula, unajificha ili ule, hedhi imekatika, au mawazo ya chakula yanakuzuia kusoma, nenda zahanati ya chuo wiki hii. Huo ni ugonjwa unaotibika, na huanza zaidi katika umri huu. Nenda pia ikiwa uzito unapanda haraka bila ulaji kubadilika, hasa ukiwa na uchovu na kuhisi baridi kupita wengine, au baada ya kuanza dawa mpya. Dawa usiiache kabla ya kuongea na daktari. Mpelekee jina lake na namba zako za mizani za wiki zilizopita.